Baarle: Manispaa Iliyorithi Daftari la Mashamba Badala ya Mpaka

Mwaka 1957 serikali za Ubelgiji na Uholanzi zilikubaliana kufikishana mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mjini The Hague, kwa sababu ya viwanja viwili. Katika daftari la ardhi viwanja hivyo viliandikwa namba 91 na 92, Sehemu A, katika eneo la Zondereigen mpakani mwa nchi hizo, na kila upande ulikuwa na hati yake mkononi. Wajumbe walioweka mpaka wa nchi hizo mwaka 1843 walikuwa wameandika kwamba namba 78 hadi 90 ni za manispaa ya Baarle-Nassau, yaani Uholanzi. Namba 91 na 92 ni za manispaa ya Baarle-Hertog, yaani Ubelgiji. Kisha namba 93 hadi 111 ni za Baarle-Nassau tena. Uholanzi ikatoa nakala ya hati ya zamani kidogo, iliyoandaliwa na wakuu wa manispaa hizo mbili kati ya 1836 na 1841, ambayo ilisema kwamba namba 78 hadi 111, bila kuruka hata moja, ni za Baarle-Nassau. Hoja ya Uholanzi ilikuwa kwamba wajumbe walikosea katika kunakili, na kwamba hata kama hawakukosea, kwa zaidi ya miaka mia moja ni maofisa wake walioandikisha vizazi, vifo, ndoa na mauzo ya ardhi ya mahali pale huku Ubelgiji ikiwa kimya.

Majaji hawakushawishika. Tarehe 20 Juni 1959, kwa kura 10 dhidi ya 4, Mahakama iliamua kwamba viwanja hivyo ni vya Ubelgiji. Wajumbe wa mpaka walikuwa na mamlaka ya kuamua, hakuna kosa lililothibitishwa, na kazi za kila siku za ofisi, zilizofanywa na maofisa wa nchi moja mahali ambapo ardhi za nchi mbili zimechanganyika kama mahindi na maharage katika sufuria ya makande, hazikutosha kuiondolea Ubelgiji haki iliyopewa na mkataba.

Nimeanza na shauri hili kwa makusudi. Wengi wanaoandika kuhusu Baarle huanza na kile kinachoonekana kwa macho, yaani misalaba myeupe iliyochorwa kwenye mawe ya barabara, herufi B upande huu na NL upande ule, na mkahawa ambao mtu anaweza kukaa na mguu mmoja katika kila nchi. Picha hizo zinafurahisha, lakini zinamfanya msomaji aamini kwamba kuna mstari ambao mtu fulani aliuchora vibaya. Shauri la 1959 linaonyesha ukweli mwingine: pale Baarle hakuna mstari uliochorwa. Kuna orodha ya viwanja, kila kimoja kikiwa na namba yake na mwenyewe, na kinachoitwa mpaka ni kingo tu za viwanja hivyo. Orodha hiyo ndiyo urithi wa mahali hapa, na chanzo chake ni udongo.

Baarle ni kijiji kikubwa kilichoko kusini mwa Uholanzi, kilomita chache kaskazini mwa mpaka mkuu wa Ubelgiji, kikiwa na Breda upande wa kaskazini-magharibi, Tilburg kaskazini-mashariki na Turnhout kusini. Kijiji ni kimoja, lakini manispaa ni mbili. Baarle-Nassau, ya jimbo la Noord-Brabant nchini Uholanzi, ina eneo la kilomita za mraba 76 na wakazi karibu 7,000. Baarle-Hertog, ya jimbo la Antwerp nchini Ubelgiji, ina kilomita za mraba 7.5 hivi na wakazi karibu 3,000, na hizo kilomita saba na nusu hazikukaa pamoja. Zipo katika vipande 22 vilivyozungukwa kabisa na ardhi ya Uholanzi, ukiacha eneo la Zondereigen, ambalo limeungana na Ubelgiji yenyewe. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa kipande cha nchi kilichofungiwa ndani ya nchi nyingine. Hapa nitakiita kisiwa cha nchi kavu. Kisiwa kikubwa kuliko vyote kina kilomita ya mraba moja na nusu hivi, na kidogo kuliko vyote hakifikii hata nusu ya hekta. Halafu ndani ya visiwa vya Ubelgiji kuna visiwa saba vya Uholanzi, kama kiini ndani ya yai, na kipo kingine cha Uholanzi kilichozungukwa na Ubelgiji huko Zondereigen.

Anayetafuta sababu ya vurugu hii katika sura ya nchi hataona mlima, mto mkubwa wala msitu mnene. Eneo hili ni sehemu ya Kempen, uwanda wa mchanga ambao upepo uliumwaga na kuusambaza katika zama za barafu. Vijito kama Merkske hupita polepole katika mabonde ambayo ni vigumu hata kuyaita mabonde. Kando ya vijito kuna majani mabichi yanayofaa kwa ng'ombe, na juu kidogo mchanga ni mkavu na maskini. Kwa karne nyingi sehemu kubwa ya mchanga huo ilikuwa nyika ya vichaka vifupi ambako kondoo walichungwa, na ni katikati tu, penye maji ya kutosha lakini pasipotuama, ndipo palipolimika. Mashamba yalikaa kwa mabaka.

Hata mabaka hayo yalihitaji kulishwa. Wakulima wa Kempen walikata tabaka la juu la nyika, majani na mizizi na udongo wake, wakalitandika zizini chini ya mifugo, na lilipokwisha kulowa na kuiva pamoja na samadi wakalisambaza shambani. Kazi hiyo iliporudiwa kizazi baada ya kizazi, mashamba ya zamani yaliinuka juu ya ardhi iliyoyazunguka, na udongo wake ukawa mweusi na mzito. Kwa hiyo katika nchi ya namna hii tofauti kati ya shamba na nyika haikuwa jambo la kubishania, kwa maana hata mtu asiyejua kusoma aliiona. Kwa mtawala anayekusanya mapato, shamba lilikuwa na mkulima anayelipa, na nyika ilikuwa mali ya siku zijazo.

Hapo ndipo historia inapoingia. Karibu na mwaka 1198, Henry wa Kwanza, duki wa Brabant, aliingia makubaliano na Godfried, bwana wa Schoten na Breda. Duki alimhitaji Godfried awe mtiifu kwake kwa sababu Breda ilikuwa njiani kati ya Brabant na jirani yake hatari wa kaskazini, mtawala wa Holland. Godfried akaisalimisha Breda kwa duki, kisha akarudishiwa aishike kwa niaba yake, na kama nyongeza akapewa ardhi ya ziada, ikiwamo ya Baarle. Lakini duki hakutoa kila kitu. Viwanja ambavyo tayari vilikuwa na wapangaji waliomlipa kodi alibaki navyo mwenyewe, na ardhi iliyosalia, ambayo sehemu kubwa ilikuwa haijalimwa, ndiyo aliyompa bwana wa Breda. Mwaka 1403 ukoo wa Nassau uliipata Breda kwa njia ya ndoa, na tangu hapo majina yakakamilika: Baarle ya Nassau, na Baarle ya Hertog, neno ambalo kwa Kiholanzi maana yake ni duki.

Ukiyaweka pamoja mambo haya mawili, udongo wa mabaka na mapatano ya mabwana wawili, ramani inaanza kusomeka. Visiwa vya Ubelgiji vya leo, kwa asili yake, ni mashamba na makazi ya watu waliokuwa wakimlipa duki karne ya 12, na Uholanzi inayovizunguka ni nyika aliyopewa mwenzake. Hakukuwa na uzembe hapo. Duki alifanya hesabu ileile ambayo mwenye nyumba yeyote angeifanya: alitoa kiwanja kitupu akabaki na vyumba vyenye wapangaji. Wala kwa wakati ule hakuna aliyekuwa akigawa nchi. Kilichogawanywa ni haki ya kupokea kodi na kuhukumu mashauri, ndani ya Brabant moja, na kwa muda mrefu mkulima wa Baarle hakuwa na sababu ya kujali sana kama jirani yake analipa kwa bwana mwingine.

Ugumu ulikuja pale haki hizo za mabwana zilipogeuka, hatua kwa hatua, kuwa dola. Mwaka 1648 Mkataba wa Münster ulithibitisha uhuru wa Jamhuri ya Uholanzi, na Breda ikawa ndani ya Jamhuri hiyo pamoja na ardhi zake zote za Baarle. Viwanja vya duki vikabaki upande wa kusini, chini ya mfalme wa Hispania. Tofauti iliyoonekana mara moja ilikuwa ya dini. Jamhuri ilizuia ibada za hadhara za Wakatoliki, na watu wa Baarle walikuwa Wakatoliki pande zote mbili. Lakini kanisa la Mtakatifu Remigius lilisimama juu ya ardhi ya Hertog, nje ya mkono wa Jamhuri. Mgawanyo wa mapato wa karne ya 12 ukawa umewapa waumini mahali pa kusalia katika karne ya 17. Katika historia nzima ya kijiji hiki mimi naona huo ndio wakati wa kwanza ambapo mkanganyiko wa viwanja uligeuka kuwa faida ya raia wa kawaida, na haukuwa wa mwisho.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka, kwa sababu haikubadilisha orodha. Waaustria waliwafuata Wahispania, Wafaransa wakaiteka nchi yote miaka ya 1790, na mwaka 1815 kusini na kaskazini ziliunganishwa katika ufalme mmoja. Katika vipindi hivyo vya kuungana ingekuwa rahisi kuziunganisha manispaa mbili za kijiji kimoja, na hakuna aliyeona haja ya kufanya hivyo mpaka nafasi ikapita. Mwaka 1830 Ubelgiji ilijitenga, na kile kilichokuwa tofauti ya kitawala ndani ya ufalme kikawa tofauti kati ya mataifa mawili.

Mkataba wa mpaka ulitiwa saini Maastricht tarehe 8 Agosti 1843. Wajumbe wake walisimamisha nguzo zenye namba kuanzia mashariki hadi baharini, na walipofika Baarle wakasimama. Kati ya nguzo namba 214 na namba 215 hawakuweka kitu. Badala ya mstari, waliorodhesha viwanja 5,732 na kuandika kimoja kimoja kuwa ni cha nchi gani. Kwa hiyo makubaliano ya mdomo na ngozi ya karne ya 12, yaliyokuwa yakilindwa na watoza kodi na makarani wa parokia, yaligeuka kuwa sheria ya kimataifa kwa njia ya daftari. Nguvu ya daftari hilo ndiyo iliyokuja kuonekana mwaka 1959, wakati viwanja 91 na 92 viliporudi Ubelgiji kwa sababu tu mstari mmoja wa maandishi ulisema hivyo.

Msomaji wa Afrika Mashariki na Kongo ana haki ya kutua hapa kidogo. Mwaka 1910, mjini Brussels, wajumbe wa Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza walikaa na kugawana nchi za Kivu na milima ya volkano ya Virunga, na kwa muda wa miezi michache wakawa wamemaliza kuwapangia watu wa huko nani atakuwa chini ya nani. Ubelgiji hiyohiyo, nyumbani kwake, haikuthubutu kumhamisha mkulima wa Baarle kutoka kiwanja kimoja bila namba, hati na saini. Tofauti haikutokana na ugumu wa ramani. Baarle kulikuwa na daftari ambalo wakubwa walilitambua, na mkulima aliyeandikwa humo alihesabiwa kuwa mtu mwenye haki.

Majaribio ya kunyoosha mambo yalikuwepo. Kubwa zaidi ni mkataba wa mwaka 1892, ambao ungebadilishana ardhi kati ya nchi hizo mbili. Miongoni mwa vilivyokusudiwa kwenda Uholanzi vilikuwa vile viwanja 91 na 92. Mkataba huo haukuidhinishwa, ukabaki karatasi. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba karatasi hiyo iliyokufa baadaye iliisaidia Ubelgiji mahakamani, kwa maana kama Uholanzi ilikubali kupewa viwanja hivyo mwaka 1892, basi ilikuwa vigumu kudai kwamba vilikuwa vyake siku zote.

Kisha ikaja vita, na orodha ya viwanja ikapimwa kwa namna ambayo hakuna mwanasheria aliyeitarajia. Mwaka 1914 jeshi la Ujerumani liliikalia karibu Ubelgiji yote, lakini Uholanzi haikuwa upande wowote. Ili kuingia katika visiwa vya Baarle-Hertog, askari wa Ujerumani wangelazimika kukanyaga ardhi ya Uholanzi na kuanzisha vita vingine. Hawakuingia. Vipande vile vidogo vikabaki Ubelgiji huru, na wakimbizi, barua na vijana waliotaka kujiunga na jeshi la mfalme wao wakapitia huko. Mwaka 1915 Wajerumani walitandaza kando ya mpaka mkuu uzio wa waya wenye umeme wa volti zipatazo 2,000, ambao wenyeji waliuita Waya wa Mauti. Uzio huo uliigawa hata manispaa yenyewe: Zondereigen, iliyoungana na Ubelgiji, ilikuwa upande wa waliokaliwa, na kijiji cha Baarle kikawa ng'ambo.

Oktoba 1915 Wabelgiji waliweka kituo cha redio katika mojawapo ya visiwa vyao, wakawa wanasikiliza mawasiliano ya adui na kupeleka taarifa kwa washirika wao. Uholanzi ikajikuta katika hali ngumu. Haikuwa na haki ya kukifunga kituo kilichoko katika ardhi ya nchi nyingine, lakini ilikuwa na wajibu wa kutoacha ardhi yake itumike kukihudumia. Ikazungushia ardhi ya Ubelgiji uzio, ikaweka walinzi, ikadhibiti kinachoingia na kutoka. Fikiria hali hiyo kwa mkazi: mbele kuna waya wa Mjerumani unaoua, na nyuma kuna uzio wa jirani asiyetaka ugomvi na mtu. Leo huko Zondereigen kipande cha Waya wa Mauti kimejengwa upya kwa ajili ya kumbukumbu, na kwa maoni yangu kinamfundisha mgeni mambo mengi kuliko misalaba yote ya barabarani. Katika vita vya pili hesabu ilikuwa rahisi zaidi na mbaya zaidi, kwa kuwa nchi zote mbili zilivamiwa Mei 1940. Kijiji kilikombolewa Oktoba 1944 na wanajeshi wa Poland, na wao, naamini, hawakuuliza ni kiwanja cha nani.

Baada ya vita urithi huu uliingia jikoni. Siagi ilikuwa nafuu Uholanzi kuliko Ubelgiji, na Kempen nzima ikajulikana kwa magendo ya siagi. Katika kijiji ambacho meza ya chakula inaweza kuwa na mpaka chini yake, ofisa wa forodha alikuwa na kazi ya kuhurumiwa. Bidhaa nyingine zimechukua nafasi hiyo tangu wakati huo. Kwa miaka mingi Uholanzi iliruhusu fataki kuuzwa kwa siku chache tu za mwisho wa mwaka, ilhali maduka ya upande wa Ubelgiji yaliziuza mwaka mzima, na Waholanzi walifunga safari kuja kuzinunua. Kijana wa miaka 16 anaruhusiwa kununua bia Ubelgiji, na ng'ambo ya barabara, tangu mwaka 2014, lazima afikishe 18. Hadithi inayosimuliwa sana ni ile ya mikahawa ambayo zamani, saa ya kufunga ilipofika upande mmoja, wateja walihamia meza za upande wa pili. Sitaiapia, lakini inaeleza vizuri jinsi watu wa hapa wanavyopenda kujisimulia.

Ni nyumba zinazoonyesha vizuri zaidi namna wakazi walivyoifasiri orodha ya viwanja kwa matumizi yao. Kwa desturi, nyumba inayokatwa na mpaka huhesabiwa kuwa ya nchi ile ambayo mlango wake wa mbele unafungukia. Kanuni hii ya mlango wa mbele haikutoka kwa duki wala kwa wajumbe wa 1843, bali ilitokana na haja ya kujua barua ipelekwe wapi, mtoto aandikishwe wapi, na taka zikusanywe na nani. Kwenye mtaa wa Loveren ipo nyumba ambayo mpaka unapita katikati ya mlango wenyewe, na kwa hiyo ina namba mbili, moja ya kila nchi, kila moja na kibao chake. Kinachosimuliwa pia ni kwamba vipimo vipya vilipomwonyesha mwanamke mmoja mzee kwamba mlango wake uko katika nchi asiyoizoea, suluhisho lilikuwa kubadilishana nafasi kati ya mlango na dirisha. Kama kuna sheria ya uraia iliyowahi kutekelezwa na fundi seremala, ni hiyo.

Vipimo hivyo vipya vilikuwa na sababu. Orodha ya 1843 ilisema kiwanja ni cha nani, lakini haikuchora kingo zake kwa usahihi ambao dola ya kisasa inauhitaji. Nchi hizo mbili ziliamua mwaka 1974 kuanza kuichora mipaka ya visiwa rasmi, na kazi ikakamilika mwaka 1995, zaidi ya karne moja na nusu baada ya wajumbe kusimama kwenye nguzo ya 214. Mwaka huohuo wa 1995, mwezi Machi, Mkataba wa Schengen ulianza kutumika na ukaguzi wa mipakani kati ya Ubelgiji na Uholanzi ukaondolewa. Mpaka wa Baarle ulikamilika mwaka ambao ulikoma kuwa na kazi ya kumzuia mtu, na hapo ndipo ulipoanza kutunzwa kama urithi: misalaba ikapakwa rangi, watalii wakaongezeka, na biashara zikauona.

Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba umebaki mapambo tu. Machi 2020, janga la korona lilipoingia, Ubelgiji iliamuru maduka yasiyo ya lazima yafungwe, na Uholanzi wakati huo haikufanya hivyo. Duka moja la nguo lililokaa juu ya mpaka lilizungushia utepe nusu yake ya Ubelgiji na kuendelea kuuza katika nusu ya Uholanzi. Picha hiyo ilizunguka dunia kama kichekesho. Kwa wakuu wa manispaa haikuwa kichekesho, kwa maana walilazimika kueleza amri mbili tofauti kwa watu wanaokutana kila siku sokoni, shuleni na kanisani.

Je, urithi huu ni mzigo au ni mali? Jibu la haraka la mtalii ni mali, na la mhasibu ni mzigo. Mabaraza ni mawili, mameya wawili, ofisi za manispaa mbili, sheria za ujenzi mbili, mifumo ya shule miwili. Bomba la maji taka halijui linapita nchi ngapi, lakini mkandarasi anayelichimbua lazima ajue. Ndiyo maana mambo mengine yameunganishwa: maktaba ni ya pamoja, polisi wa pande mbili wamezoea kufanya kazi kwa karibu, na mwaka 1998 mabaraza yaliunda chombo cha pamoja cha kushauriana juu ya mambo ya kijiji chote, kwa msingi wa makubaliano ya nchi za Benelux, yaani Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg.

Kipimo cha haki zaidi, nadhani, ni kulinganisha. Mpaka mwaka 2015 mpaka kati ya India na Bangladesh, katika eneo la Cooch Behar, ulikuwa na visiwa vya nchi kavu 162, ambavyo 111 vilikuwa vya India na 51 vya Bangladesh, na kimojawapo kilikuwa ndani ya kisiwa kilichokuwa ndani ya kisiwa. Chanzo chake hakikuwa tofauti sana na cha Baarle, yaani haki za ardhi za watawala wa zamani zilizogeuka kuwa mipaka ya mataifa. Lakini wakazi wake, zaidi ya 50,000, waliishi bila huduma za maana za nchi yoyote, kwa sababu nchi yao haikuweza kuwafikia na nchi iliyowazunguka haikuwatambua. Usiku wa tarehe 31 Julai 2015 nchi hizo mbili zilibadilishana visiwa hivyo, na watu wake walishangilia. Hakuna mtu aliyesikitika kwamba urithi umepotea.

Kwa hiyo anayeisifu Baarle kama mfano wa kuishi pamoja anapaswa kutaja masharti yake. Pande zote mbili zinazungumza Kiholanzi kwa lafudhi ileile ya Brabant. Dini ya asili ni moja. Nchi zote mbili ni tajiri, na hazijapigana tangu miaka ya 1830. Mkazi wa kisiwa hahitaji kibali ili kwenda hospitali. Masharti haya yakiondolewa, orodha ileile ya viwanja inakuwa Cooch Behar. Baarle yenyewe ilionja hali hiyo kwa miaka minne, kuanzia 1914 hadi 1918, wakati waya na uzio viliposimama pande zake mbili.

Baarle haimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na sioni ni kitu gani hasa kingeandikwa pale, kwa sababu hakuna kasri la kukarabati wala ukuta wa kuzuia usibomoke. Kanisa la Remigius ni zuri, ila makanisa ya namna yake Brabant yapo mengi. Reli iliyounganisha Turnhout na Tilburg tangu mwaka 1867 imeng'olewa na kufanywa njia ya baiskeli. Mpanda baiskeli anayetoka kusini kwa njia hiyo hupita Ubelgiji, akaingia Uholanzi, na akifika kijijini hubadilisha nchi mara kadhaa kabla hajapata pa kunywa kahawa. Akiwa na ramani ya udongo pamoja na ile ya mitaa, na akiwa na subira ya kushuka na kuangalia ni wapi mchanga mwepesi unapoachia udongo mweusi ulioinuka, anaweza kukisia ni wapi duki alikuwa na wapangaji.